Kopo Likirudi Tupu: Tuliyojifunza Kwenye Dirisha la Dawa za Utafiti

Kopo la dawa za utafiti likirudi tupu kabisa, tena siku ile ile aliyopangiwa mshiriki, mfamasia mzoefu hashangilii. Anafungua daftari, anatazama vilitoka vidonge vingapi na zimepita siku ngapi, kisha anaanza kuuliza taratibu. Katika majaribio mengi ya dawa za kumeza kila siku, kopo halitakiwi kurudi tupu. Lilitoka na vidonge vya ziada, na kile kilichobaki ndani yake ni sehemu ya matokeo ya utafiti sawa na damu inayokwenda maabara.

Chukua hesabu ya kawaida. Mshiriki anapewa vidonge 35, kidonge 1 kwa siku, na anatakiwa kurudi baada ya siku 28. Vile 7 ni akiba ya mvua, msiba, gari kuharibika njiani au safari ya ghafla. Akirudi siku ya 30 na vidonge 11, unatoa 11 kwenye 35 unapata 24. Gawa kwa 30, zidisha kwa 100, ni asilimia 80. Akirudi siku hiyo hiyo na vidonge 3, ni 32 kwa 30, karibu asilimia 107. Na kopo likiwa tupu siku hiyo ya 30? Ni 35 kwa 30, karibu asilimia 117. Hakuna mtu anayemeza dawa kwa uaminifu wa asilimia 117. Ama vidonge vimemwagika, ama kuna siku alimeza viwili, ama mwingine nyumbani anavitumia, ama vimetupwa chooni asubuhi ya kliniki ili kopo lipendeze.

Kabla hujamshuku mshiriki, jishuku mwenyewe. Kosa linalotusumbua kuliko yote ni la siku moja. Kidonge cha kwanza alikimeza hapa kliniki siku aliyopewa, au alianza kesho yake? Na leo, amemeza kabla ya kuja au anasubiri kurudi nyumbani? Majibu ya maswali hayo mawili yanaweza kusogeza hesabu kwa vidonge viwili. Kwa mtu wa siku 28 kidonge kimoja ni karibu asilimia 4, unaweza kusema si kitu. Lakini kwa dawa ya malaria yenye dozi 6 tu, dozi moja ni sehemu ya sita ya tiba nzima. Ndiyo maana kwenye fomu ya kutolea dawa tunataka pawe na kisanduku kinachouliza waziwazi: dozi ya kwanza imemezwa wapi, tarehe gani, saa ngapi.

Kuhesabu kwenyewe kuna adabu yake. Vidonge vinamwagwa kwenye sahani ya kuhesabia, vinasogezwa tano tano kwa kijiko bapa, si kwa vidole. Anayehesabu wa pili hatakiwi kuiona namba ya wa kwanza. Akiiona, jicho lake litaitafuta namba hiyo mpaka liipate. Sahani inapanguswa kwa spiriti kabla ya kopo linalofuata, kwa sababu vumbi la dawa ya mmoja likiingia kwenye kopo la mwingine umeharibu vitu viwili kwa pamoja. Na kidonge kilichovunjika? Andika kama kilivyo: nusu moja, au vipande. Usiviunganishe kichwani viwe kizima.

Swali moja wafamasia hubishana sana: uhesabu kwanza au uulize kwanza? Sisi tunasema uliza kwanza. Ukimwaga vidonge mbele ya mshiriki kabla hajasema neno, ataitazama sahani na kukupa jibu linalolingana nayo. Uliza, andika alichosema, ndipo uhesabu, na uhesabu pembeni. Majibu mawili yasiyolingana yana faida kuliko majibu mawili yaliyofanana kwa sababu moja limenakiliwa kutoka kwa jingine.

Jinsi ya kuuliza nayo ni kazi. "Umemeza dawa zote?" ni swali ambalo mtu mwenye adabu zake hawezi kulijibu "hapana" mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe. Ataitika "ndiyo, zote," na hapo si uongo wa kukusudia, ni heshima. Anza na jana, maana jana ina saa na ina mahali. Mazungumzo yenye faida huenda hivi:

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba mwanangu."

"Za tangu siku ile? Jana dawa uliimeza saa ngapi?"

"Jana... jana nilikuwa msibani kwa shemeji yangu."

"Oo, poleni sana. Ulikwenda nayo?"

"Ningeitoaje mbele za watu wote wale?"

Hapo umepata kitu. Hukupata "ndiyo" wala "hapana", umepata sababu. Kwenye fomu usiandike "hafuati maelekezo", andika "alikosa dozi ya jana, msiba, hakubeba dawa." Maneno hayo yana faida kwa daktari, kwa mtakwimu, na kwa atakayemshauri mama huyo mwezi ujao.

Kwamba vidonge vilivyorudi vinaweza kudanganya si dhana yetu. Utafiti wa VOICE uliandikisha wanawake 5029 Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kuanzia 2009, ukipima vidonge na jeli vya kuzuia VVU. Kwa kuhesabu dawa zilizorudishwa, matumizi yalionekana kuwa asilimia 86. Kwa maelezo ya washiriki wenyewe, asilimia 90. Damu ilipopimwa, dawa ilionekana katika asilimia 25 hadi 30 tu ya sampuli. FEM-PrEP, utafiti mwingine wa vidonge vya kuzuia VVU uliokuwa na kituo Bondo nchini Kenya na kingine Arusha, ulikuwa na hadithi hiyo hiyo: hesabu ya vidonge ilisema asilimia 88, damu ilisema chini ya asilimia 40. Wanawake wale hawakuwa wajinga wala wabaya. Waliogopa dawa inayofanana na ya wagonjwa, waliogopa mume au jirani kuliona kopo, na waliogopa kutolewa kwenye utafiti wakikiri. Kwa hiyo walivimwaga vidonge vilivyobaki wakaja na makopo yanayoridhisha.

Linganisha na Partners PrEP, uliofanyika Kenya na Uganda kwa wenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Huko dawa ilionekana kwenye asilimia 82 ya sampuli zilizopimwa za wasioambukizwa, na katika utafiti mdogo ndani yake, Uganda, watafiti walikwenda majumbani bila taarifa kuhesabu vidonge. Tofauti kubwa tunayoiona sisi: mwenzi alijua. Hakuna kopo la kuficha. Tangu hapo, kabla ya kumpa mshiriki kopo la kwanza, swali letu la mapema ni "nyumbani nani anajua?" na "utaiweka wapi?" Jibu la "ntajua hukohuko" ni dalili kwamba mwezi ujao tutahesabu namba nzuri isiyo ya kweli.

Kopo nalo lina kelele. Vidonge 30 ndani ya kopo la plastiki hulia ukitembea, na Afrika Mashariki nzima watu wanaijua sauti hiyo ni ya dawa gani. Washiriki huvihamishia kwenye pindo la kanga, kwenye kikopo cha mafuta, kwenye karatasi. Kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kinabaki kwenye kopo, vidonge viko pindoni vinapata jasho na joto, baada ya wiki mbili vimebadilika rangi au vinameng'enyeka. Kumkataza tu hakusaidii. Kinachosaidia ni pamba safi kidogo ndani ya kopo, au kikopo kidogo cha kubebea dozi za siku chache kilichokubaliwa na mfadhili na kamati ya maadili. Usibuni kikopo chako mwenyewe dirishani. Dawa ikihama kutoka kwenye chombo chenye lebo bila kibali, hata kama nia ni njema, huo ni ukiukaji wa itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti.

Sasa saa. Hapa ndipo tafiti zilizoandikwa kwa Kiingereza zinapojikwaa kwenye Kiswahili, na kosa lenyewe halionekani mpaka matokeo ya damu yawe ya ajabu. Lebo inasema 8:00. Bibi anasoma nane. Saa nane mchana, dozi imechelewa saa 6. Kadi ya kumbukumbu ya nyumbani inasema 20:00, na hakuna saa ishirini kwenye maisha ya mtu yeyote tunayemfahamu. Lebo na kadi ziandikwe "saa 2 asubuhi" na "saa 2 usiku", na pembeni pachorwe jua na mwezi. Mfanyakazi ndiye ageuze kwenda kwenye fomu, si mshiriki: saa 3 asubuhi ongeza 6 ni 09:00, saa 3 usiku ongeza 18 ni 21:00.

Baada ya saa 6 usiku mtego unakuwa mkali zaidi, kwa sababu tarehe nayo inahama. Mtu akisema "Jumatatu usiku, saa 8", kwenye fomu ni 02:00 ya Jumanne. Na Pwani, kwa wazee hasa, usiku ni wa siku inayokuja: usiku wa Ijumaa ni ule ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Ukiandika bila kuuliza, unaweza kukosea kwa saa 24 nzima. Swali linaloponya ni moja: "usiku wa kuamkia siku gani?"

Dawa mseto ya malaria, artemether na lumefantrine, inaonyesha vizuri kwa nini mazoea ya "moja mara mbili" hayatoshi. Dozi ni 6 ndani ya siku 3, lakini pengo la kwanza si sawa na mengine. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, ya tatu ni saa 24 tangu ya kwanza, halafu kila baada ya saa 12. Mtoto aliyeanza saa 3 asubuhi Jumatano atapata ya pili saa 11 jioni siku hiyo, ya tatu saa 3 asubuhi Alhamisi, ya nne saa 3 usiku, kisha Ijumaa saa 3 asubuhi na saa 3 usiku. Wazazi wengi hupeleka ile ya saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku kwa sababu wamezoea asubuhi na jioni za kulingana. Andika kila dozi na siku yake kwa jina, mbele ya mzazi, kisha mwambie arudie kwa kinywa chake. Usimwulize kama ameelewa. Kila mtu ameelewa.

Idadi ya vidonge hivyo hufuata uzito: chini ya kilo 15 (kuanzia 5) ni kidonge 1 kwa dozi, kilo 15 mpaka chini ya 25 ni 2, 25 mpaka chini ya 35 ni 3, kilo 35 na kuendelea ni 4, kwa vidonge vyenye miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine. Mpaka wa kilo 15 ndio unaoumiza. Mtoto wa kilo 14.8 akipimwa na viatu na sweta, na kitambaa alichofungiwa hakijatolewa, anakuwa wa kilo 15.2 na dozi yake inakuwa mara mbili. Mfamasia anayeona 15.1 kwenye cheti ana haki, tena ana wajibu, wa kumrudisha mtoto kwenye mizani. Manesi wanaweza kununa kidogo. Wanune.

Lumefantrine inahitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo maziwa au uji ulioungwa karanga viwepo palepale. Kidonge kinapondwa, kinachanganywa na maji kidogo kwenye kikombe, na kikombe kinasuuzwa na maji hayo yanywewe pia, maana dawa hubaki ukutani mwa kikombe. Baada ya hapo mtoto anakaa nusu saa chini ya macho. Akitapika ndani ya dakika hizo 30, dozi inarudiwa nzima na nusu saa ya kumtazama inaanza upya. Kwa hiyo stoo iwe na vidonge vya akiba vilivyotengwa kwa ajili hiyo na safu yake kwenye daftari. Bila safu hiyo, kila tapishi linakuwa upungufu usioelezeka mwisho wa mwezi.

Mwezi wa Ramadhani dawa ya mara mbili kwa siku inahamia kwenye futari na daku. Kati ya futari na daku kuna saa 9 au 10 hivi, na kati ya daku na futari kuna zaidi ya 13. Dawa nyingine zinavumilia, nyingine hazivumilii. Huo si uamuzi wa dirishani. Lakini kulijua jambo lenyewe mapema, wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na kumpelekea daktari mkuu wa utafiti swali kwa maandishi, hiyo ni kazi ya dirishani.

Turudi nyuma kidogo, kabla dawa haijatoka. Cheti cha dawa kinapofika tunatazama: namba ya mshiriki, tarehe, ziara ya ngapi, saini ya mtu aliyemo kwenye orodha ya wenye ruhusa ya kuagiza, na uthibitisho kwamba ridhaa imesainiwa kwa toleo la fomu linalotumika sasa. Jina halitoshi kumtambua mtu. Kwenye kijiji kimoja utawakuta akina Mwanaisha watatu waliozaliwa mwaka mmoja. Muulize aseme mwenyewe jina lake na tarehe ya kuzaliwa, kisha linganisha na kadi yake ya utafiti. Ukimtajia wewe, ataitikia.

Katika utafiti ambao hata sisi hatujui nani anapata dawa halisi na nani anapata plasebo, yaani kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa, kompyuta inatoa namba ya paketi. Namba hiyo ndiyo kila kitu. Inasema 1047, mkono unachukua 1074. Paketi zinafanana, vidonge vinafanana, uzito ni ule ule, na hakuna atakayejua mpaka siku hesabu ya rafu itakapokataa. Kinga yetu ya kosa hilo ni rahisi: mmoja anasoma kutoka kwenye karatasi tarakimu moja moja, moja, sifuri, nne, saba, mwingine anasoma kutoka kwenye paketi naye kwa sauti. Si "elfu moja arobaini na saba", kwa sababu ulimi ukishazoea namba husoma unachotarajia. Na ikitokea mshiriki amepewa paketi isiyo yake, taarifa itolewe kwa simu siku hiyo hiyo na iandikwe. Ukibadilisha kimya kimya kwa kurudisha ile na kutoa hii, umefanya makosa mawili, na la pili ndilo litakalokufukuzisha.

Vitu vya kudungwa vina mtihani wao wa kuficha. Katika utafiti mkubwa wa chanjo ya malaria ya RTS,S, ulioanza 2009 kwenye vituo 11 vya nchi 7, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa kwa Kenya, chanjo yenyewe na chanjo za kulinganishia hazikufanana machoni. Njia inayotumika katika hali kama hiyo ni kuwa na anayetayarisha, ambaye anajua, na anayedunga, ambaye hajui, na sindano kuzungushiwa utepe usiopenya mwanga. Anayetayarisha haongei na wazazi, hapimi joto la mtoto, haulizi maudhi madogo madogo baada ya chanjo. Utepe uanzie kwenye shingo ya sindano na ufunike mpaka juu ya alama ya mililita 0.5, lakini anayedunga aweze kuona mkono wa kusukumia umefika mwisho. Kinachovunja siri mara nyingi si utepe, ni takataka: vichupa viwili kwa chanjo moja, kichupa kimoja kwa nyingine, vikiachwa kwenye ndoo inayoonekana. Ndoo ya chumba cha matayarisho isitoke humo mpaka jioni.

Vifaa vina tabia tofauti na vidonge, maana kidonge kikishamezwa kimekwisha, kifaa kinarudi na historia.

Pete ya dapivirine, dawa ya kuzuia VVU, ni mfano mzuri. Ni pete laini ya silikoni, kipenyo milimita 56, ina miligramu 25 za dawa, mwanamke anaivaa ukeni kwa wiki 4 kisha anapewa nyingine. Katika mwezi mzima pete hutoa takriban miligramu 4 tu. Hapo ndipo uzuri wake kwa mtafiti: ukiipima pete iliyorudi unajua ilikaa mwilini au ilikaa kabatini. Katika utafiti wa ASPIRE, uliofanyika Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, pete iliyorudi na zaidi ya miligramu 23.5 ilihesabiwa kama haikutumika. Damu peke yake haitoshi, kwa sababu mtu akiivaa jana yake tu kabla ya kliniki, kiwango cha damu tayari kimepanda. Pete inaukumbuka mwezi mzima, damu inaikumbuka jana. Kwa dirishani maana yake ni kwamba pete ya zamani ina thamani sawa na mpya: ipokelewe siku ile ile, iwekwe kwenye kifuko chake, lebo iandikwe kabla ya pete kuingia na si baada, tarehe ya kuvaliwa na ya kutolewa ziandikwe zote. Pete mbili zilizowekwa mezani bila lebo kwa dakika tano hazina mwenyewe tena. Na pete iliyopotea iulizwe bila hasira, maana nyingine ziliingia chooni kweli.

Visanduku vya dawa vya kielektroniki, vinavyotuma ishara kila vinapofunguliwa, vinafanana na mlinzi wa getini: anajua palifunguliwa saa ngapi, hajui nani alifungua wala alichukua nini. Wengine hufungua mara moja wakatoa za siku tatu kwa ajili ya safari. Mashine itasema amekosa siku mbili. Wengine, watoto wao hukichezea kwa kupenda kile kijitaa chake. Kabla ya kukabidhi: chaji ijae, laini ipime mtandao wa kijiji anachotoka, si wa mjini kliniki ilipo, namba ya kisanduku ilingane na namba ya mshiriki kwenye mfumo, kisha mwambie akifungue mbele yako na usubiri ishara ifike. Isipofika pale, haitafika kule. Muulize pia umeme wa kuchaji ataupata wapi, na kwa shilingi ngapi. Gharama hiyo isiwe yake.

Chupa ya pumu ya kuvuta ndiyo inayotufundisha unyenyekevu, kwa sababu watu walioitumia miaka kumi wanaitumia vibaya kwa kujiamini. Tumia isiyo na dawa kufundishia. Tikisa, pumua nje, weka mdomoni, bonyeza huku ukivuta polepole na kwa kina, zuia pumzi kama sekunde 10, subiri nusu dakika mpaka dakika nzima kabla ya mvuto wa pili. Kwa mtoto tumia kifaa cha kati (spacer), kile cha plastiki kinachokaa kati ya chupa na mdomo, abonyezewe mara moja avute pumzi za kawaida 5 au 6. Kifaa hicho kikioshwa kwa maji ya sabuni kiachwe kikauke chenyewe; ukikipangusa na kitambaa unakitia umeme tuli, na dawa inang'ang'ania kwenye plastiki badala ya kwenda kifuani. Ikibidi kufundishia yenye dawa, idadi iliyobaki kwenye kaunta yake iandikwe kabla ya somo na baada yake, maana mivuto ya mafunzo nayo ni dawa iliyotoka.

Kuhusu joto tutasema machache, kwani hapo miongozo imeandika mengi. Friji nyuzi 2 mpaka 8, kipimajoto kisomwe mara mbili kwa siku, kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa, kisha kirudishwe mwanzo. Usipokirudisha, joto la Jumapili litakuwa linasomwa mpaka Alhamisi. Umeme ukikatika na nyuzi zikavuka, dawa haitupwi wala haitolewi. Inatengwa ndani ya joto sahihi, inabandikwa karatasi ya "isitumike", na jibu linasubiriwa kutoka kwa mfadhili kwa maandishi. Inaweza kuchukua siku tatu na washiriki wako kwenye benchi. Ndiyo hali.

Karatasi: kila mstari uandikwe wakati jambo linatokea. Ukikosea, piga mstari mmoja unaoacha neno lisomeke, andika sahihi, weka herufi za jina lako na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiwemo hata kwenye droo. Monita, yaani mkaguzi wa utafiti, akikuta ukurasa mzima wenye wino mmoja, mwandiko mmoja na mwelekeo mmoja, anajua umeandikwa Ijumaa jioni.

Dawa iliyorudi hairudi rafuni kamwe, hata kama kopo halijafunguliwa na mshiriki ni mtu unayemwamini, kwa sababu hujui ilikaa juu ya bati la nyumba gani. Ina kabati lake lenye ufunguo wake. Inakaa humo mpaka monita aihesabu, kisha kinaombwa kibali cha kuiteketeza, kwa Tanzania kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na kinapatikana cheti cha kuteketezwa. Cheti hicho kisiseme "maboksi manne ya dawa". Kiseme bechi, idadi ya vidonge na idadi ya makopo. Kisha kwenye daftari, zilizopokelewa zilingane na zilizomezwa, zilizopotea zenye maelezo, na zilizoteketezwa. Yale makopo yaliyorudi matupu nayo yanahesabiwa, moja moja, na kuingia kwenye boksi pamoja na mengine.